Kivuli cha Kabale Chaenda Malishoni

Kabale alianza kazi kila siku kwa namna ileile. Aliosha brashi ambazo tayari zilikuwa safi, akazipanga kutoka nene hadi nyembamba, akanywa kikombe kimoja cha chai ya maziwa ya ngamia, ndipo akalitazama lori lililomngoja. Yeye ndiye aliyepamba malori ya mifugo katika gereji ya Abdighani mjini Isiolo, na hakutaka kusemeshwa kabla chai haijaisha.

Adhuhuri, akishaswali, alijilaza mkekani. Kivuli chake kiliinuka, kikajipangusa, kikaenda malishoni.

Mchana wa Isiolo jua husimama utosini na kivuli cha kila mtu hujikunja miguuni, kwa hiyo watu walichelewa kugundua. Madereva ndio walioleta habari. Mmoja alikipita karibu na Korbesa, kimechutama kikitazama ng'ombe wakinywa maji. Mwingine alikikuta kwenye mashamba ya Rapsu, katikati ya vitunguu. Alikisalimu. Kilisogea kando kwa adabu ili lori lipite.

Kabla ya alasiri kilirudi na vumbi lake, kikalala pale pake, naye Kabale akaamka na kushika brashi. Subhanallah! Fahali aliyemchora alikuwa na pua mbichi, ukiigusa vidole vinalowa. Mbuzi sokoni waliacha majani wakaja kunusa vitunguu vya rangi kwenye bodi ya lori. Watu wazima wenye haraka zao walisimama mbele ya mto aliouchora, wakavua viatu.

Kisha Abdighani akanunua malori mapya, akataka yote yapambwe kabla ya Idd ya kuchinja. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyelipa karo ya Hamdi, binti wa Kabale, na hakuchoka kuwakumbusha watu. Akafuta usingizi wa adhuhuri.

"Mama Hamdi, utapumzika tukimaliza," alisema.

Wario, mchuuzi wa mbuzi aliyekuwa akingoja lori lake, akaingilia. "Abdighani, hata ngamia unampatia nafasi ya kucheua. Bila hiyo, maziwa utatoa wapi?"

"Mimi sina ngamia. Niko na malori."

Kivuli hakikuwa na habari za Idd. Adhuhuri ilipofika kilianza kuinuka, Kabale akiwa bado amesimama na brashi mkononi. Abdighani akamwita dereva, akamwonyesha mahali, na lori likarudishwa nyuma taratibu mpaka tairi likakikanyaga ukingoni. Wakaweka jiwe nyuma ya tairi, kama inavyotakiwa.

Siku hiyo Kabale alichora fahali. Kesho yake, fahali. Wote walitazama upande mmoja, na pua zao zilikuwa kavu. Mbuzi walipita bila kugeuza shingo. Inauma kusema, lakini Abdighani alifurahi: malori yalifanana na kazi ilienda mbio. Kazi mbaya si mchezo mwema, aliwaambia mafundi.

Ijumaa, wanaume walipokuwa msikitini, kivuli kilijirarua. Kipande cha pindo kilibaki chini ya tairi. Kilichobaki kilitoka langoni, na jioni hakikurudi. Abdighani aliliondoa lori, kwa kuwa halikuwa na kazi tena pale.

Sasa kwenye barabara ya Oldonyiro kuna kivuli mahali pasipo mti wala ukuta. Wachungaji huwalaza mbuzi ndani yake jua likiwa kali, na mbuzi huamka na maziwa ya kutosha. Hakuna anayekisumbua. Madereva hupunguza mwendo wakifika hapo, wengine huzima redio.

Kabale huchora mchana kutwa, bila kivuli. Idd ilipita zamani, na usingizi wa adhuhuri haukurudishwa. Madereva wakirudi, yeye huwauliza jambo moja tu.

"Kimelala?"

"Kimelala, Mama Hamdi. Tukuletee? Lori liko na nafasi."

Kabale huchovya brashi.

"Hapana," husema. "Kiacheni kilale."