Machungwa ya Mzee Wasike

Kwa wiki tatu nzima tulikula machungwa yaliyojaa maji nyumbani kwetu Kimumu, mtaa wa Eldoret, na lawama zote nikamtupia mama anayeuza matunda pale kona. Nilimwambia machungwa yake hayana ladha. Naye akaniambia wateja wengine hawajalalamika, labda ulimi wangu umeharibiwa na vitabu. Tuliachana vibaya, na baadaye ilibidi nirudi kumwomba msamaha.

Naitwa Edinah Nabalayo. Wakati huo nilikuwa nimemaliza mwaka wa sita wa udaktari, mitihani nimepita, nangojea jambo moja tu: kujua ni hospitali gani nitapelekwa kwa mwaka wa uanagenzi. Bila mwaka huo wewe si daktari kamili, hata kama majirani wamekuita Dokta tangu mwaka wa kwanza na kukuletea vidonda vyao mlangoni. Unaingia kwenye tovuti, unaandika hospitali tano kwa mpangilio wa unavyozitaka, halafu unakaa kuuma kucha mpaka orodha itoke. Kucha zangu ziliisha siku ya tatu, nikaanza kuosha vitu. Niliosha mapazia, nikaosha zulia, nikafua koti la baba ambalo halikuwa na hata doa.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimejaza kitu nisichokitaka.

Nilichokitaka ni Marsabit, mbali kule kaskazini. Tulipelekwa huko wiki sita tulipokuwa mwaka wa nne. Madaktari ni wachache, kwa hivyo hakuna anayekuacha umesimama tu. Daktari wa upasuaji aliniachia nishone tumbo la mtu, tabaka la mwisho, akasimama pembeni akiniangalia bila kunipokonya uzi. Hapa mjini, kwenye hospitali kubwa, mwanagenzi husimama nyuma ya wanaosomea ubingwa, nao wamesimama nyuma ya bingwa, na siku nyingi anachoona ni migongo. Mimi nataka kuwa daktari wa upasuaji. Tangu nirudi nilikuwa nikiitaja Marsabit mpaka kuku wa plot wakaijua.

Lakini kulikuwa na baba. Mzee Wasike alikuwa karani wa mizani kwenye bohari ya mahindi miaka thelathini, mtu wa maneno machache, na ana kisukari cha kudungwa insulini asubuhi na jioni. Mama alifariki nikiwa kidato cha pili, kaka yangu yuko ng'ambo. Na baba anaogopa sindano. Usimwone mkubwa. Mtu aliyebeba magunia ujanani hugeuza uso ukutani na kufumba macho kama mtoto wa kliniki. Miaka minne nilimdunga mimi, isipokuwa zile wiki sita za Marsabit, alipokwenda kliniki kwa shida mara mbili kwa siku. Nilipokuwa na zamu ya usiku wodini, nilitoka alfajiri nikimkimbilia kabla hajanywa uji.

Kwa hivyo Ijumaa ile nilipoenda kwa saiba ya Tabby, kibanda chake cha kompyuta, kujaza fomu, vidole vyangu vilijua jibu hata kabla ya roho kukubali. Tabby ndiye anayetujazia kila kitu Kimumu. Vyeti vyako vikikataa kuingia kwenye tovuti kwa ukubwa, yeye anavipunguza. Na ukisahau nenosiri lako, analo. Ana daftari nene lenye jalada jeusi ambamo amewaandika watu wote, jina, tovuti na nenosiri, na hakuna anayeona ajabu. Nusu ya mtaa imo humo.

“Number one?” aliniuliza.

“Marsabit.”

Akaandika. Nikaangalia lile neno kwenye skrini.

“Futa. Weka Eldoret.”

“Na Marsabit niweke number two?”

“Usiiweke popote. Toa kabisa.”

Tabby aliniangalia juu ya miwani, akatoa. Nilirudi nyumbani nikapika ugali kwa vishindo. Siku zilizofuata sufuria zilinikoma. Baba hakuuliza kitu. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, machungwa yake kwenye sahani, na mimi nikawa naudhika hata na hayo machungwa. Mtu wa kisukari anayataka ya nini mengi hivyo? Isitoshe, boksi la sindano lilikuwa linaisha mbio. Nilidhani nimekosea kuhesabu.

Orodha ilitoka Jumanne saa nne asubuhi. Simu ilianza kulia mfululizo, kundi la darasa limewaka, watu wanalia na wengine wanamshukuru Mungu kwa herufi kubwa. Nikateremsha kidole mpaka kwenye N. Nabalayo Edinah Wasike: Marsabit.

Nitasema ukweli. Kitu cha kwanza kilichonipata kilikuwa furaha. Ilinipanda kutoka miguuni, nikaruka hapo jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Halafu nikakumbuka dirisha, kiti na yule mtu aliyeketi juu yake, nikaona aibu, na aibu ikageuka hasira. Marsabit haikuwa kwenye fomu yangu. Nani ameiweka?

Kabla sijavaa viatu, Ondiek akapiga. Ondiek ni mwanafunzi mwenzangu, ana mchumba anayeitwa Akumu, nesi, ambaye amefanya kazi Marsabit mwaka mzima wakipendana kwa simu.

“Edinah, niaje. Wewe umepata Marsabit, mimi nimepata Eldoret. Si tuswap? Please. Niliweka Marsabit number one na nikakosa. Wewe mzazi wako ako hapa.”

Kubadilishana kunaruhusiwa. Kuna fomu yake, wawili mnaweka sahihi, inapelekwa siku ya pili kabla ya saa sita. Nilimwambia alete, tena haraka. Akasema anachapisha, atafika kwetu jioni saa kumi na mbili. Basi, nikawaza, mambo yamekwisha. Lakini moyo haukutulia hata kidogo. Nikaenda kwa Tabby kwa hatua za mtu anayekwenda kupigana.

“Tabby, uliniharibia fomu!”

“Dokta, punguza sauti, watu wako hapa.” Kweli walikuwepo, wanne, na wote wakaacha walichokuwa wakifanya ili wasikie vizuri. “Mimi siharibugi fomu ya mtu.”

“Marsabit ilitoka wapi?”

Akafungua daftari lake. Kwa Tabby kila anayebadilisha kitu huandika jina na kuweka sahihi, kwa sababu aliwahi kusingiziwa. Akanionyesha kwa kidole. Jina langu, tarehe ya siku moja kabla ya maombi kufungwa, neno ‘kubadilisha’, na mbele yake sahihi ndogo iliyonyooka, ile ile niliyoiona utotoni kwenye ripoti zangu zote za shule. P. Wasike.

“Alikuja na kitambulisho,” Tabby alisema. “Amevaa koti. Akaniuliza wewe ulianza kuandika nini kabla ya kubadilisha. Nikamwambia. Akasema nirudishe hiyo.”

“Na ukarudisha? Ni fomu yangu!”

“Ni mzee wako. Ningemwambia nini, atoke nje?” Alilifunga daftari. “Na mambo ya mzazi na mtoto mimi siingilii. Uliza yeye.”

Sikwenda kumwuliza. Nilizunguka. Nilitembea mpaka barabara kubwa, nikarudi, nikashika njia ya Kiplombe bila sababu, jua la mchana likanipiga utosini, kisha mawingu yakaja nikanyeshewa kidogo. Njiani nilikuwa nagombana na baba kichwani, na kila mara nilikuwa nashinda. Anataka kuniondoa. Amenichoka. Miaka minne najipindua kwa ajili yake, halafu ananipeleka mbali kama barua. Na chini kabisa, mahali ambapo sikutaka kuchungulia, ile furaha ya asubuhi bado ilikuwa inarukaruka. Hiyo ndiyo iliyoniudhi kuliko yote.

Nilifika nyumbani saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Baba alikuwa mezani, redio imezimwa. Kwake hiyo ni dalili kubwa.

“Mzee, kwa nini ulibadilisha fomu yangu?”

“Kaa, mama.”

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nabalayo ni bibi yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa.

“Sikai. Nani atakudunga nikienda? Umefikiria hiyo? Ama ulifikiria tu kunitoa kwa nyumba?”

“Wewe ulitaka kwenda.”

“Nilichagua kubaki!”

“Ndiyo. Na ukaanza kunidunga na hasira.”

Nikavua viatu vilivyolowa.

“Miaka yote sindano yako sikuwa naisikia,” alisema. “Naogopa tu kuiona, lakini kuisikia, hapana. Mkono wako ni mwepesi. Tangu ile Ijumaa ulienda kwa Tabby, naisikia. Inauma, mama. Hata sasa hapa iko nyeusi.” Akagusa tumbo juu ya shati. “Nikajua huyu amejaza kitu hataki.”

Nilitaka kubisha. Lakini mikono ni yangu na niliijua. Nilikumbuka nilivyokuwa nikiifinya ile ngozi, nikisukuma haraka, nikivuta, huku akili yangu iko kwingine. Daktari wa upasuaji! Nikakaa bila kuambiwa tena.

“Mimi nilipata barua ya kwenda Nairobi kusomea upimaji wa ardhi,” akaendelea. “Nilikuwa na umri kama wako. Nabalayo alikuwa anakohoa. Hakuniambia nibaki, hata siku moja. Nilibaki mwenyewe. Halafu nikamkasirikia. Nilikuwa namletea sukari, namletea unga, nimenuna. Miaka kumi na moja. Akiwa karibu kufa aliniuliza, ‘Mwanangu, nilikukosea nini?’” Baba alitazama meza. “Nilikosa jibu. Kwa sababu hakunikosea. Sasa mimi sitaki siku moja nikuulize wewe hiyo swali.”

Nilikuwa nalia, na nilikuwa bado na hasira, maana hakuna aliyeniuliza mimi. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia angenikalisha tukaongea, badala ya kwenda kwa Tabby na kitambulisho kama mtu anayetafuta pasipoti.

“Hiyo ni kweli,” alisema. “Nilikosea. Ningekuuliza, ungesema hapana.”

“Na sindano?”

Aliinuka, akaenda kwenye friji, akatoa kichupa cha insulini. Akatoa sindano mpya kwenye boksi. Akaosha mikono, akaikausha, akaketi. Kisha akachukua chungwa moja kutoka kwenye sahani, akaligeuza nilione. Ganda lilikuwa na matundu madogo madogo pande zote.

“Nesi wa kliniki alisema nianze na hii. Naweka maji, nadunga. Wiki tatu.”

“Baba! Na mimi nayala!”

“Nilikuwa natumia maji ya kuchemsha,” akasema, kama kwamba hilo ndilo lililonisumbua.

Alivuta dawa. Sindano iligonga mdomo wa kichupa mara mbili. Nikanyoosha mkono kumsaidia, akanitazama, nikaurudisha. Akapima yuniti zake kwenye mwanga wa dirisha, akagonga povu likapanda. Akainua shati. Kweli, ngozi ilikuwa na mabaka meusi, na yote niliyaweka mimi. Akashika pahali pasafi, akageuza uso ukutani, akafumba macho. Halafu akayafumbua, akageuka, akaangalia anapodunga. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Alidunga. Akasukuma polepole, akahesabu mpaka kumi kwa sauti, akatoa.

“Haya,” alisema, akihema. “Sasa huna mtu wa kusingizia.”

Maneno hayo yalinipiga kuliko kofi. Kwa miaka minne nilikuwa na sababu nzuri, ya heshima, ambayo kanisa zima lingeniunga mkono: baba mgonjwa. Sasa nilibaki mimi na Marsabit, mbali, peke yangu na uzi mkononi, na nikagundua kwamba nilikuwa naogopa.

Pikipiki ikapiga honi langoni. Ondiek alikuwa amefika, kofia mkononi, fomu imefungwa kwenye bahasha ya plastiki isilowe. Upande wake ulikuwa umejazwa tayari, sahihi imekaa vizuri. Alikuwa amenunua hadi kalamu mpya.

“Hapa na hapa tu,” alisema.

“Ondiek, siswap.”

“Acha mchezo.”

“Samahani. Naenda.”

Uso wake ulisawijika, na nilimhurumia kwelikweli, kwa sababu yeye na Akumu hawakuwa wamenikosea chochote. “Lakini asubuhi ulisema ndiyo. Kumbe ulikuwa unaitaka?”

“Tangu fourth year.”

“Si ungesema,” alinung'unika, akairudisha bahasha ndani ya jaketi. Hakuniaga. Miezi miwili ilipita kabla hajaniandikia, na sikumlaumu.

Nilirudi ndani. Baba alikuwa ameketi palepale, shati bado halijashuka vizuri, anaonekana kama mtu aliyeshusha gunia.

“Ameenda?”

“Ameenda.”

Akaitikia kwa kichwa mara moja. Kisha akachagua chungwa kwenye sahani, akalimenya kwa uangalifu, akanigawia nusu.

“Kula, mama. Hii sijadunga.”

Lilikuwa maji tupu. Nilikula nusu yangu yote.