Siku Pini Alipoota

Tatizo la Pini lilikuwa kulala vizuri mno. Akishaweka kichwa kwenye mto, basi tena, ni gogo mpaka asubuhi. Haoni mtu, haoni njia, haoni hata paka wa kupita. Na mdogo wake je? Chumba hichohicho, kitanda cha pembeni, shuka za duka moja, lakini yeye anaota kila siku iendayo kwa Mungu. Tena angekuwa anaota tu, ingekuwa afadhali. Anaota, halafu yanatokea!

Au ndivyo walivyoamini pale kwenye karakana ya shangazi yao, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, walikokuwa wanashona magauni ya sherehe. Asubuhi, kabla cherehani hazijaanza kulia, chai inamiminwa, watu wanavuta viti, na shangazi anamgeukia mdogo mtu, ambaye kwa kuwa alikuwa kitindamimba wote walimwita Kitinda.

"Haya, Kitinda, umetuletea nini?"

Na Kitinda analeta. Siku moja alileta chura kwenye sinki lililojaa maji. Mchana bomba likaanza kuvuja. Jamani, karakana nzima ilipiga makofi! Siku nyingine akamleta mwanamke mwenye viatu vyekundu amesimama mlangoni. Wiki hiyohiyo akaingia mtangazaji wa taarifa ya habari, yule yule wa kwenye televisheni, mzima mzima na manukato yake.

"Lakini viatu vyake ni vya kahawia," Pini akasema, pini zikiwa zimebanwa kwenye midomo kama kawaida yake. Ndiko jina lilikotoka.

"Kahawia na nyekundu si ndugu?" akajibu Fundi Vifungo, kaka mmoja mnene ambaye kazi yake ilikuwa matundu ya vifungo na kuunga mkono chochote alichosema Kitinda.

Pini alikuwa akitafuna wivu kama mtu anayetafuna kitambaa. Eti aote maji, bomba livuje! Kuna siku gani duniani isiyo na maji? Angeota jua, wangetoka nje kulishangilia. Lakini kimoyomoyo alishajaribu kila kitu. Alilala kichwa kikiwa upande wa miguuni. Alikula akashiba mpaka akashindwa kuinama. Alilala na mkasi chini ya mto, akaamka na alama ya mkasi shavuni na kichwa kitupu kama ndoo mpya.

Hayo yote angeyameza, kama si suala la meza.

Meza yenyewe ilikuwa ile ndefu ya kukatia, chini ya dirisha kubwa. Hapo alikata shangazi peke yake. Wengine wote ni kushona, kupiga bandi, kupiga pasi. Mkataji ndiye anayeamua gauni liweje, wanaobaki wanafuata. Na macho ya shangazi yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alishawaambia wazi: mtangazaji anataka gauni la mahameli la kuvaa usiku wa tuzo, kitambaa kaleta mwenyewe kutoka safari, hakuna kingine. Atakayelikata hilo gauni, mkasi mkubwa na meza ni vyake moja kwa moja.

Pini alijua ni yeye. Nani mwingine? Ndiye mkubwa, ndiye aliyeanza kazi kwanza, ndiye aliyemfundisha Kitinda kutunga uzi kwenye sindano huku akimfuta kamasi. Na hakuna aliyejua kubana kitambaa kama Pini. Anapanga karatasi za kukatia, moja kichwa juu, ya pili kichwa chini, zinaingiana kama meno, na anakubakizia kipande cha kushonea hata mkoba.

Kisha jioni moja Kitinda akasema, kwa sauti yake ile ya kitoto, kwamba ameota mkasi mkubwa umelala mapajani mwake, umetulia kama paka.

"Basi," shangazi akasema. "Imeshasemwa. Kesho utakata wewe."

Imeshasemwa! Na nani? Na mto wa kulalia!

Asubuhi yake Pini aliamka, kama kawaida, na kichwa kitupu. Akafika karakanani. Chai ikamiminwa. Mahameli ilikuwa imetandazwa mezani, kijani cha ndani kabisa, kijani cha kukufanya umeze mate. Shangazi akapitisha kiganja juu yake.

"Msisahau, hii ni kama mnyama. Ina manyoya. Ukipapasa hivi yanalala, yanang'aa. Ukipapasa hivi yanasimama, yanakuwa meusi. Kwa hiyo vipande vyote vinatazama upande mmoja, vyote! Kimoja kikigeuka, kitakuwa rangi nyingine, na hakuna pasi itakayokuombea msamaha. Haya, Kitinda, kabla hujashika mkasi, umetuletea nini leo?"

"Na mimi nimeota," Pini akasema.

Hakujua limetokea wapi. Lilimtoka tu. Lakini lo! Fundi Vifungo aliweka kikombe chini. Shangazi aligeuka na kiti chake. Pini alikuwa hajawahi kutazamwa hivyo maisha yake yote, na ilikuwa tamu. Akazitoa pini mdomoni moja moja, taratibu, ili utamu udumu.

"Wewe dada? Umeota?" Kitinda alifurahi kweli, maskini. "Umeota nini?"

"Nimekuota wewe. Umesimama hapo mezani, na mkasi. Halafu nikaona gauni, limevaliwa, taa zinawaka. Likawa rangi mbili. Hapa kijani, hapa jeusi. Na watu wanacheka."

Kitinda akaurudisha mkono wake kutoka kwenye mkasi kana kwamba umemuunguza.

"Sikati."

"Ndoto ni ndoto tu, mwanangu," shangazi akasema, yeye aliyegawa meza kwa ndoto!

"Shangazi, huyu hajaota tangu azaliwe. Leo anaota, na anaota mahameli? Mimi kitambaa hicho sikigusi. Akate dada. Dada, nakuomba, kata wewe, utuokoe."

Ndivyo mkasi ulivyokuja mkononi mwa Pini, mzito, baridi, wake. Huruma je? Kidogo, kama chumvi. Lakini wivu haukuondoka! Alidhani ukipewa ulichokuwa unakililia, wivu unafunga virago. Wapi! Ulihamia mahali pengine.

Maana palepale mtangazaji akaingia kuhakikisha vipimo, na badala ya kuja mezani kwa mkataji, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya kioo kwa Kitinda.

"Wewe ndiye binti wa ndoto? Niambie mpenzi, tuzo naipata?"

"Mimi leo sijaota, dada yangu. Aliyeota ni dada," Kitinda akajibu huku akimzungushia futi kiunoni.

"Ah, dada yako naye anaota? Ana uso wa mtu wa hesabu!"

Wakacheka, na Fundi Vifungo naye akacheka kutoka chumba cha pili, asijue kinachochekwa. Pini alikuwa ameshakata kifua, mgongo, mikono, vipande vya mbele vya sketi, vyote vinatazama upande mmoja. Vimebaki viwili vya nyuma. Macho yalikuwa konani. Uso wa hesabu? Nani kasema? Mbona Kitinda hakunitetea? Anamnong'oneza nini tena yule? Na mikono, ikiwa imeachwa peke yake, ikafanya inachokijua: karatasi moja kichwa juu, ya pili kichwa chini, zinaingiana kama meno, usipoteze hata unyuzi. Mkasi ukasema kracha, kracha. Kikabaki kipande kizuri cha kushonea mkoba.

Mchana wakalibandika gauni kwa pini kwenye sanamu la kuvalishia. Shangazi akawasha taa.

Mbele, kijani. Nyuma, upande wa kulia, kijani. Nyuma, upande wa kushoto, jeusi kama masizi ya sufuria.

Pini alingoja atukanwe. Alikuwa tayari hata kwa kibao. Lakini Kitinda alishika mashavu, akapiga kelele, akaja akamrukia shingoni akilia.

"Dada! Uliota kweli! Rangi mbili, kama ulivyosema, hapa na hapa! Lo, ningekuwa mimi ningekufa. Balaa umelibeba wewe kwa niaba yangu!"

"Vinyweleo vimenisimama," akasema Fundi Vifungo, na akakunja mkono wa shati watu waone.

Hapo Pini angesema nini? Kwamba hakuota? Basi aseme pia kwa nini alidanganya. Aseme mbele ya mdogo wake anayemlilia begani. Akampigapiga mgongo. Shangazi peke yake ndiye aliyekisogelea kile kipande cheusi, akakipapasa juu, akakipapasa chini, akaokota mezani kile cha kushonea mkoba, akakitazama karibu kabisa na jicho lake bovu.

"Uliyemwona kwenye ndoto ameshika mkasi ni nani?" akauliza polepole.

"Kitinda," Pini akasema.

"Mh. Basi ulikosea mtu tu."

Akauchukua mkasi mkubwa, akampa Kitinda. Na Kitinda, sasa kwa kuwa baya lilishatokea na halikuwa na pa kwenda tena, hakutetemeka hata kidogo. Akakibandua kile kipande cheusi, akakigeuza, akakikata upya, pindo likawa kiuno. Kwa gauni la kufagia sakafu hakikutosha. Kwa gauni la kuishia magotini kilitosha vizuri kabisa. Akalipunguza lote. Mtangazaji alinuna siku ya kujaribu, akageuka mbele ya kioo, akatazama miguu yake, akaacha kununa. Tuzo hakupata. Lakini kila mtu aliuliza gauni lile kashona nani.

Siku hizi meza ni ya Kitinda. Anakata huku anaimba. Na ajabu, ndoto zimemkatika kabisa. Anasema akilala anaona giza tupu, raha mustarehe.

"Zimehamia kwako, dada. Nakuonea wivu!" anasema, na kucheka.

Wateja wanapanda ngazi, wanampita mkataji, wanaenda kwa Pini. Wanamvuta mkono wa blauzi. "Dada, hujaniota?" Watu wote wanamtazama, kama alivyotaka. Na yeye anatazama mkasi.

Leo asubuhi chai imemiminwa. Shangazi kavuta kiti, jicho moja limefungwa bandeji ya hospitali.

"Haya, Pini, umetuletea nini?"

Pini alilala kama gogo. Lakini jambo lipo, limeshafika kwenye ulimi: nimemwota Kitinda, mkasi umemponyoka. Neno moja tu, na mdogo wake atauweka chini, atamsukumia, tafadhali dada, tuokoe. Akamtazama pale dirishani, chaki sikioni, anamngoja kwa macho ya kuamini. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe. Safari ile alidai amemwota mwingine, na mikono hii ndiyo iliyotimiza.

Akazirudisha pini mdomoni.

"Maji," akasema. "Nimeota maji."

Fundi Vifungo akaruka kutoka kitini, mbio kwenda kukaza bomba.