Ubongo wa Shemeji Likwata

Shemeji yangu Likwata haogopi fisi, haogopi mgambo, wala hamwogopi dada yangu aliyemuoa, ambaye hata mimi namwogopa. Anaogopa maji tu. Mpwa wake Yahya alikuwa akiuza mitumba mjini Kilwa Masoko tangu biashara iliporuhusiwa, na katika wasichana wote wa nchi kavu akaona ampende Fauzia wa Kilwa Kisiwani, kusikofikika ila kwa chombo.

Kwetu Wamwera posa bila mjomba haina kichwa wala miguu, na mjomba aliyebaki hai ni Likwata. Asipovuka, Yahya hana mke.

Mara mbili tulimfikisha ufukweni, mara mbili akageuza. Safari ya pili moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, akakaa mchangani akidai anakufa. Nami ni shemeji mtu, ningenyamaza?

"Basi vua viatu, shemeji," nikamwambia. "Vina warithi kwetu Milola."

Tukampeleka kwa Daktari Leonadi, aliyekuwa amefungua zahanati yake mwenyewe siku hizo za ruksa. Akampima kwa makini.

"Mzee, moyo wako mzima kabisa. Tatizo liko kichwani."

Likwata akasimama. "Mimi mwendawazimu?"

"Sikusema hivyo. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, haizidi korosho moja. Kazi yake ni kukulinda na hatari. Maji yamewahi kukufanyia nini?"

"Yalimchukua dada yangu, mamake Yahya. Mto ulifurika, nikamshika mkono, ukaniponyoka."

"Basi sehemu hiyo haijasahau. Ikiona maji inapiga yowe kabla akili haijauliza ni maji gani. Moyo unatii tu."

Kisa hicho nilikijua miaka mingi, lakini habari ya ule mkono sikuwahi kuisikia. Nilitamani kuyameza maneno yangu ya viatu.

Likwata yeye alitoka na neno moja tu: kichwani. Kutwa nzima lilimsumbua. Penye posa huulizwa magonjwa ya ukoo, na wazimu huulizwa mwanzo.

"Wakiuliza, nyamaza," nikamshauri.

"Mjomba hanyamazi. Wala hasemi uongo."

Kesho yake akasema moyo mzima hauui mtu, akapanda chombo. Alikaa katikati, macho kafumba, dua mdomoni, kanishika mkono hadi kucha zikaniingia.

"Shemeji, anayeposwa ni mimi au Fauzia?" nikamuuliza. Akazidi kunikaza.

Babake Fauzia, Mzee Ismael, alikuwa mvuvi wa siku nyingi. Alitupokea vizuri, kahawa ikanywewa, kisha likaja lile swali.

"Kwenu kuna maradhi gani, tuyajue mapema?"

"Yapo," akasema Likwata, kanzu imelowa hadi magotini. "Ubongo wangu ni mgonjwa, daktari kasema. Unaogopa maji tangu yalipomchukua mama wa kijana wetu. Ugonjwa ni wangu peke yangu, kijana hana. Mkikataa, nikataeni mimi, msimkatae yeye."

Nilimwona Fauzia mlangoni kajifunika mdomo. Mzee Ismael akaweka kikombe chini.

"Mie bahari imenichukulia wanangu wawili," akasema. "Kila asubuhi nikishuka pwani miguu inanitetemeka. Nawaambia wenzangu ni baridi."

"Baridi, Kilwa?" akauliza Likwata.

"Nao wananiitikia. Nadhani na wao wana baridi yao." Akamgeukia Likwata. "Wewe umeogopa na umekuja. Binti mmepewa."

Likwata akalia mbele ya wakwe, mtu mzima na ndevu zake. Nilitafuta la kumtania, nikakosa. Nikavua kanga ya mabegani nikampa afute uso. Alipomaliza, akampitishia Mzee Ismael kanga ile.