Ruhusa Inayokufa Mfalme Akisinzia

Nyinyi wenye nchi zenye akili timamu, nivumilieni, maana leo nawapeleka Topeni. Huko mfalme ni Kiboko, na katiba yao ni hii: Mfalme akiamka, nchi imezaliwa upya. Kasuku, bawabu mkuu, hupanda mlingotini akakariri milango yote na wenye ruhusa ya kuipita, na askari hufunga na kufungua kama alivyokariri. Amri iliyotolewa kabla ya usingizi imekufa, hata matanga haiwekewi. Na Kiboko, jamani, alikuwa analala utadhani analipwa.

Kuhusu kinu cha nchi, Kasuku alikuwa na mstari mmoja: "Kinu, Mfalme peke yake!" Sasa Mfalme anasaga nini, naye anakula majani mabichi? Mwenye shida alikuwa Mama Kanga, mjane mwenye vifaranga wanaolilia uji. Kila asubuhi alipiga magoti barazani, Mfalme akasema, "Mfungulieni mama wa watu." Kabla mtama haujasagika nusu, Mfalme kasinzia, kaamka, Kasuku kakariri, na Mama Kanga yuko nje, unga wake uko ndani. Vifaranga wakalala njaa.

Siku moja uvumilivu ukamwisha. "Mtukufu Mfalme, umenipa ruhusa mpaka magoti yameota sugu. Wanangu wale sugu?"

Waziri Ngiri akasimama, akakohoa kiwaziri. "Tatizo tumelibaini. Ni usingizi. Napendekeza Mtukufu asilale tena."

Barazani wakapiga makofi! Wengine kwa machozi, nawaambieni. Hakuna aliyethubutu kuutaja mstari wa Kasuku, kwa kuwa ulitungwa na babu yake Ngiri, na Ngiri mwenyewe alikuwa akisaga humo kila siku "kwa niaba ya Mfalme."

Basi wakamkeshesha Mfalme. Ngoma masikioni, pilipili puani, siafu kitini. Ngiri akawa anatamba, "Nchi gani nyingine ina mfalme asiyelala?" Mfalme naye, macho mekundu, akaanza kuvisalimia viti na kuviuliza habari za nyumbani.

Kwa amri ya asubuhi ile kinu kilibaki wazi, lakini Mama Kanga hakudanganyika. Aliye macho leo, kesho atalala tu. Akamwendea Kasuku na karanga.

"Baba, nikikufundisha mstari, utaukariri?"

"Mbona nitaukariri! Miaka yote hii hakuna aliyeniomba. Wote mnakimbilia kwa Mfalme." Kasuku akatafuna karanga. "Ila tuuweke mwisho. Askari hawa hushika neno la mwisho."

Mfalme aliangushwa na hotuba ya Ngiri kuhusu faida za kukesha. Alipoamka, Kasuku akapanda mlingotini. "Kinu, Mfalme peke yake!" Mama Kanga akawakumbatia wanawe. Milango mingine ikatajwa yote, kisha: "Kinu, kila mwenye mtama!"

Askari wakafungua.

"Mtukufu!" Ngiri akapiga yowe. "Amuru kifungwe!"

"Kifungwe," akasema Mfalme, na kikafungwa kweli.

Mama Kanga hakubishana. Aliketi chini pale pale barazani, akawapakata wanawe, akaanza kuwabembeleza kwa wimbo, taratibu, kwa sauti ya kufika mbele. Ubeti wa pili haujaisha, Mfalme anakoroma.

"Amka, Mtukufu!" Ngiri akamtikisa kwa mikono miwili. "Amka, tafadhali, amka!"

Mfalme akaamka. Kasuku akapanda mlingotini.