Aliondoka Jumanne

Fundi viatu alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache alimwekea kaka yake. Kaka alikuwa amelowea ng'ambo miaka ishirini, ameoa huko huko, na kila Jumapili alipiga simu wakacheka mpaka salio likaisha. Jumapili mbili zikapita kimya. Ya tatu ukaja ujumbe wa Kiingereza kutoka kwa shemeji yake, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "habari".

Fundi akachukua kamusi yake iliyochanika jalada. *He left us on Tuesday.* Left: kushoto. Akasonya. Kushoto Jumanne ndiyo nini? Kamusi ikamwelekeza kwenye *leave*, na huko maana zimepanga foleni: kuondoka, kuacha, kubakiza, kuachia. Akaokota ya kwanza. Kaka ameondoka! Sentensi ya pili ilihusu koti, ameliacha. "Ana akili huyu," akacheka peke yake. "Anajua huku joto."

Alifunga kibanda mapema, akafua mashuka, akanunua kikombe cha pili. Siku nne kila gari liliposimama nje, sindano nayo ilisimama.

Siku ya tano akaja jirani yake, mwalimu mstaafu, kufuata ndala zake.

"Fundi, shingo itakatika. Unamngoja nani?"

"Kaka yupo njiani, Mwalimu. Soma mwenyewe."

Mwalimu akasoma, kisha akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Hii si ya safari, Fundi."

"Ni ya nini?"

"Ametutoka."

Fundi akaendelea kushona, mishono mitatu, minne. "Na koti?"

"Amekuachia wewe. Ni lako."

Mwalimu alijitolea kumwandikia jibu kwa Kiingereza. Fundi akakataa, akabonyeza kitufe cha sauti, akasema kwa Kiswahili: "Shemeji, pole. Mimi mdogo wake. Nilikuwa nimeshamtandikia kitanda." Akaishia hapo, akautuma ujumbe hivyo hivyo.

Asubuhi ikaja sauti ya shemeji, Kiingereza kirefu chenye kwikwi. Fundi hakuigusa kamusi. Katikati alisikia "Kijiti", limetamkwa kombo, mara mbili. Lilikuwa jina la utani la kaka yake walipokuwa watoto, na fundi alidhani duniani amebaki nalo peke yake.

Aliisikiliza tena, mlango wa kibanda ukiwa bado umefungwa.