Beki Tuliyemchagua Alhamisi

Niliambiwa nivae jezi yangu, nije uwanjani Alhamisi jioni, nikae jukwaani na kipaza sauti, na timu ikishamchagua chipukizi wake kutoka vyuoni niwaeleze mashabiki tumepata nini. Basi, hiyo tu. Idara ya habari ilinipa kazi hiyo tangu Februari, wakati kila mtu mjini anajua kwamba sisi, Wahunzi wa Toledo, timu ya mpira wa Kimarekani, tutachagua mrushaji, yule anayeongoza mashambulizi kwa kurusha mpira. Hata yule mama anayeuza soseji mlango wa kaskazini alikuwa anajua. Msimu mzima mrushaji wetu alikuwa anawarushia mpira wapinzani, tena mikononi kabisa, kama anawapa zawadi.

Sasa, chumba cha kuchagulia hufungwa tangu asubuhi, na kocha hamwambii hata mkewe anamtaka nani. Kwa hiyo waliomweka beki mzee kama mimi jukwaani hawakujua kinachopikwa, na wapishi hawakujua nani yuko jukwaani. Hiyo ndiyo klabu yetu. Nimekaa nayo miaka tisa, hainishangazi tena.

Mimi ni Lavonte Pettiway, beki wa mwisho, yule anayesimama nyuma ya wenzake wote. Goti langu la kushoto limepasuliwa mara mbili. Mkataba ulikuwa umebakiza msimu mmoja, nao hauna uhakika, wakitaka wananitema Agosti na hakuna wa kuwauliza. Nilikuwa nautaka sana msimu huo, na sababu yake aliijua mke wangu Corliss peke yake. Binti yetu Odessa ana miaka minne. Nilitaka nicheze mpaka afikie umri wa kukumbuka, ili akiwa mkubwa aseme nilimwona baba uwanjani kwa macho yangu, si kwenye video.

Haya. Jina likatokea kwenye skrini kubwa: Keyon Battiste, beki.

Zikaanza kelele za kuzomea, mtu mmoja akavua jezi yake akaitupa chini akaikanyaga. Gus Wozniak, mtangazaji wa redio niliyekuwa nimekaa naye, alinigeukia mdomo wazi.

Watu huniuliza nilijisikiaje. Sikujisikia kitu. Nikiwaambia ganzi, wanadhani naficha. Ganzi jamani, kama mdomo ukitoka kwa daktari wa meno, unaugusa unajua upo, lakini si wako.

"Pettiway, ndugu yangu, tusaidie," Gus akasema. "Nyumba inavuja, wao wamenunua kapeti! Huyu beki ni nani?"

Watu wakacheka. Nami nilikuwa namjua Battiste vizuri, maana vuli yote goti likiwa limefungwa nilikuwa kwenye kochi kila Jumamosi natazama mechi za vyuo.

"Ni kiraka," nikasema. "Anacheza pembeni, anacheza katikati, anacheza nyuma kabisa. Kuna mechi moja walimbadilisha nafasi tatu, na kote alikuwa kama amezaliwa pale. Mnataka mrushaji, sawa. Lakini mrushaji wa mwaka huu hakuna, wote wamepambwa tu. Huyu ni mchezaji wa kweli. Wangemwacha, msimu ujao mngelia."

Kelele zikapungua. Yule aliyetupa jezi nikamwona anaiokota.

"Oya, Pettiway!" jamaa mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, bia mkononi. "Wamekuletea mrithi, mzee! Andika wosia!"

Wakacheka tena, na mimi nikacheka, maana hivyo ndivyo tunavyoongea huku. Ila mama mmoja wa mstari wa mbele hakucheka. Alisimama akauliza kwa heshima kabisa, "Pale nyuma, Septemba, anaanza nani? Wewe au yeye?"

"Mama, we! Mwache mwenzio apumue," Gus akasema, akijaribu kuniokoa.

Jibu la swali hilo lipo. Tunafundishwa mwaka wa kwanza, unasema ushindani ni mzuri, Kocha ndiye anayeamua, mimi nipo tayari kwa lolote. Nimelisema mara nyingi mpaka najichukia. Jioni ile sikuwa na nguvu ya kulitafuta.

"Yeye," nikasema.

"Ati?" Gus akauliza.

"Anaanza yeye. Mimi nikigeukia kulia goti linanichelewesha hatua nzima. Pale nyuma, hatua moja ni bao. Yeye hachelewi."

Halafu wakapiga makofi, kwanza wale wa mbele, mwisho uwanja mzima, wakaanza kuimba jina la Battiste. Na mimi nikapiga makofi. Ningefanya nini?

Nilikuwa kwenye ujia wa nyuma ya jukwaa Kocha Halvorsen aliponipigia simu.

"Lavonte, nani amekuweka pale?"

"Idara ya habari, Kocha."

Akatukana, si mimi, idara. Kisha akasema, "Nimetoka chumbani sasa hivi, nakukuta kwenye runinga."

"Battiste nimemsoma vibaya?"

"Umemsoma kuliko watu wangu wote. Hilo la kugeukia kulia, limeanza lini?"

"Desemba, niliporudi kucheza."

"Daktari hajui."

"Sikumwambia."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Nilimchukua Battiste acheze pembeni, Lavonte. Nyuma nilikuachia wewe. Wenye timu wamekubali leo leo ubaki, tulibishana mpaka wakakubali."

"Si bado unaweza kuniachia?"

"Bwana we, ilikuwa inarushwa nchi nzima. Kila timu tutakayokutana nayo imekusikia. Watarusha kulia kwako kutwa, mpaka ukome. Nikikuweka pale nitakuwa nakuonea."

"Sawa, Kocha."

"Samahani, mzee wangu. Kweli kabisa."

"Sawa."

Nikaendesha gari mpaka nyumbani. Corliss alikuwa amesimama jikoni, runinga imezimwa, macho mekundu. Nilipomweleza maneno ya Kocha alipiga meza kwa kiganja.

"Ungesema hujui! Lavonte! Si ungesema tu hujui?"

"Lakini nilikuwa najua."

"Aa, we mwanaume! Kila mtu anajua mambo, anakaa nayo! Umeulizwa na mama wa watu, umejibu kama uko mahakamani!"

Nilikaa. Yeye alikuwa ananililia mimi, na mimi bado nilikuwa nangojea uchungu ufike, haufiki. Nikamwambia tutanunua tiketi. Septemba tutakaa wote watatu karibu kabisa na mstari, nitamwonyesha Odessa yule kaka anavyosimama nyuma, anavyosoma mchezo, nitamwambia pale ndipo baba alipokuwa anasimama.

Corliss akafuta macho kwa taulo la vyombo.

"Yule kaka Odessa hatamkumbuka," akasema. "Atakukumbuka wewe, umekaa kwenye kiti."