Shibiri ya Mwisho ya Mwalimu Anselmo

Mahfoudha alimshonea kocha suruali kwa kitambaa kilichokatwa kwenye mkono wa kanzu kuukuu ya kaka yake. Kilitosha, na kikabaki cha leso. Ilikuwa mwezi wa Mei mwaka 1968, na joto la Maskati lilikuwa limeshaingia majumbani likakaa. Mwalimu Anselmo alisimama juu ya meza ya cherehani, kimo chake shibiri moja, akageuka apimwe mgongo.

"Kiunoni inanibana," alisema. Sauti yake ilikuwa bado ya mwanamume mzima.

"Vuta pumzi," Mahfoudha alimjibu. "Kitambaa chenyewe cha kuomba."

Mhispania huyu alizaliwa Cadiz, na alipoanza kufundisha kandanda alikuwa na shibiri nane kama wanaume wengine. Kila alipofukuzwa kazi alipungua shibiri moja. Ya kwanza aliiacha kwao Cadiz, nyingine Tetuan, Lima, Izmir na Beirut. Unguja, ambako alijifunza Kiswahili, alifundisha klabu ya Harub bin Marhoon, mfanyabiashara wa karafuu. Harub alimfukuza baada ya kufungwa na watu wa Tanga, akamtazama akipungua palepale barazani, kahawa haijapoa. Shibiri ya saba ilibaki Aden. Akifukuzwa tena hatakuwepo, na mtu yeyote aliyemwangalia aliweza kuliona hilo.

Harub naye alikuwa amepungua kwa namna yake. Mwaka 1964 aliikimbia Unguja na masanduku mawili, akaja Maskati kurithi nyumba ya ami yake. Alirithi vyumba sita, kisima na Bakhit. Unguja utumwa ulikuwa umekwisha tangu enzi za babu yake. Maskati aliukuta unaendelea, naye hakutaka kuonekana mgeni.

Vijana waliotoka Unguja hawakuwa na kazi, wala ruhusa ya kwenda kuitafuta kwingine. Walicheza mpira kwenye changarawe za Wadi Kabir. Harub aliwanunulia jezi, akamwandikia Mwalimu Anselmo aje, akijua kwamba hakuna kwingine atakakoitwa.

Bakhit ndiye aliyembeba kocha kwenda mazoezini, begani, akishikilia miguu yake kwa vidole viwili asianguke. Siku moja mpira ulitoka nje, na Bakhit akaurudisha kwa kisigino, bila kugeuka na bila kumtikisa kocha begani. Ukatua kifuani kwa Sleyum, mlinda lango, kaka yake Mahfoudha.

"Nani kakufunza?" kocha alimuuliza sikioni.

"Hakuna, Mwalimu. Nlikuwa nnatazama tu."

Tangu siku hiyo kocha alikaa juu ya buli la kahawa lililogeuzwa, na Bakhit akacheza. Timu iliyokuwa ikifungwa na kila mtu ikaanza kushinda. Wachezaji walimpa pasi, walimkumbatia akifunga, na mechi ikisha walimwachia kapu la jezi akazifue.

Bakhit alimtaka Mahfoudha, naye Mahfoudha alimtaka. Sleyum alilijua hilo na hakulificha.

"Uwanjani wewe ndugu yangu," alimwambia Bakhit mbele ya timu nzima. "Lakini dada yangu simwozeshi mtu wa mtu. Si kufu yake. Kuwa huru kwanza, halafu mimi mwenyewe ntakushika mkono nikupeleke kwa kadhi."

"Na mahari ntalipa mimi?" mmoja alidakia.

"Wewe lipa kwanza deni la kanzu yangu uliyoichana!" alijibu Sleyum, na wote wakacheka, Bakhit pia.

Katika nyumba ile palikuwa na desturi. Mtumwa haombi uhuru kwa ulimi wake, huombewa. Bwana akikubali, ahadi yake huwa amana ya mwombezi, na hakuna anayeweza kuirudisha ila mwombezi mwenyewe. Waliotangulia walimchagua imamu, au bibi mzee wa nyumba. Bakhit alimchagua Mwalimu Anselmo. Alikuwa amembeba miezi mingi na kumsikia akikoroma sikioni, akaona kwamba mtu aliyelala begani pako hana pa kukutupa.

Kocha aliombea vizuri. Harub alimsikiliza, akainua kikombe chake cha kahawa.

"Mkichukua kombe," alisema, "Bakhit huru. Nimeitoa kwako, Mwalimu. Iweke."

"Nimeiweka," alisema kocha.

Fainali ilichezwa uwanda wa Wattaya dhidi ya wafanyakazi wa mafuta, watu wenye viatu vya njumu na machungwa ya mapumziko. Bakhit alifunga mabao mawili. La pili alilifunga akiwa amelala chini, pua inatoka damu, maana beki wao alishamkanyaga. Mahfoudha, aliyekuwa na wanawake nyuma ya magari, alisikia kelele, akajua bila kuambiwa. Usiku ule hakushona.

Asubuhi yake Harub aliwaita mashahidi wawili. Waliketi barazani, wakaletewa kahawa na halua. Bakhit alisimama kwenye ngazi amevaa kanzu ya kuazima. Harub akamchukua kocha mkononi, akaingia naye ndani, akamweka dirishani.

"Mashahidi wako nje," alisema. "Nikitamka, atakwenda zake. Watu wa mafuta washamtumia salamu, na wao wanalipa. Msimu ujao nani atafunga? Sleyum?"

Kocha alishika nondo moja ya dirisha.

"Tutafungwa," Harub aliendelea, bila hasira. "Nami nikifungwa hufukuza kocha. Unanijua. Lakini ahadi unayo wewe. Ukinirudishia, nakupa miaka mitatu."

"Bakhit ananisikia kutoka hapa?"

"Hakusikii."

Mwalimu Anselmo alitazama nje. Kupitia nondo za dirisha alimwona Bakhit akirekebisha kola ya kanzu isiyokuwa yake, shahidi mmoja akimtania kwamba bwana harusi hatetemeki. Akatazama miguu yake mwenyewe, ambayo haikufika ukingo wa dirisha.

"Nakurudishia," alisema.

Harub alitoka akawaambia mashahidi kwamba mwombezi ameondoa ombi. Walimaliza halua, wakanawa mikono, wakaenda zao. Bakhit alivua kanzu ya kuazima, akaikunja, akaenda kuteka maji. Ndani, dirishani, Mwalimu Anselmo aliongezeka shibiri moja. Suruali ilimfika magotini. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yake.

Sleyum hakukawia. Kabla ya mwezi kwisha alipokea posa ya mwenye shamba wa Mawaleh, mtu mwenye wake wawili na meno machache.

"Nilisema awe huru," alimwambia dada yake. "Hakuwa. Mimi nifanyeje?"

Ikabaki suruali. Harub aliagiza mpya, ndefu zaidi, na Mahfoudha akaishona kwa sababu ndiye fundi. Aliipeleka mwenyewe. Kocha aliivaa nyuma ya mto, akatoka, na Mahfoudha akapiga magoti kuangalia pindo. Lilikuwa sawa.

"Bakhit yuko uani," alisema, sindano bado midomoni. "Mwombe radhi. Neno moja tu. Sikuombi zaidi ya hilo."

"Kwa lipi?"

"Unajua kwa lipi! Umemla mzima mzima, na shibiri yake ndiyo hiyo umeisimamia."

"Ningeondoka duniani, Mahfoudha."

"Na yeye yuko wapi? Yuko duniani?"

Uani kamba ya kisima ililia kwenye kapi. Mwalimu Anselmo alisubiri ndoo ifike juu, akafunga mkanda wake.

"Siombi radhi," alisema. "Si kwake, si kwako. Leo siombi, na hata akinifungia mabao kumi Ijumaa, siombi."